Seva yangu ya filamu, na fundi aliyenicheka

Niliacha huduma za filamu za kulipia kwa mwezi kwa hasira, na leo ninaandika nikiwa na hasira nyingine. Filamu ambayo mjukuu wangu hachoki kuitazama iliondolewa katika huduma tuliyokuwa tukiilipia, bila hata neno la kwaheri, nami nikaapa kutolipia tena kitu ambacho mwenyewe anaweza kukichukua siku yoyote apendayo. Nikaichukua kompyuta mpakato kuukuu, nikaiwekea Jellyfin, programu ya bure inayoigeuza kompyuta kuwa seva, yaani ghala la filamu linalozirusha hadi kwenye televisheni ya nyumbani, nikanunua diski kubwa ya nje, kisha nikahamishia humo DVD zangu zote pamoja na kanda za harusi ya marehemu dada yangu.

Nikiri kwamba miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Hapa Chumbageni, Tanga, intaneti yetu ni ya bando, lakini filamu ilitoka chumbani ikapita kwenye ruta hadi televisheni ya sebuleni bila kugusa hata megabaiti moja ya bando hilo.

Kisha umeme ukakatika usiku mmoja wa masika, nikiwa katikati ya kunakili kanda ya pili. Sikushtuka, kwa kuwa kompyuta ina betri yake. Nilichosahau ni kwamba diski ile ya mezani haili umeme wa kompyuta. Ina adapta yake inayochomekwa ukutani, kwa hiyo kompyuta ilibaki macho huku diski ikizimika ghafla katikati ya kuandika. Umeme uliporudi, diski haikufunguka.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Ngamiani. Kijana yule, ambaye ni rika la mwanangu wa mwisho, hakunipa shikamoo wala hakuigusa diski. Alicheka mbele ya wateja, akasema, “Mama, haya waachie vijana. Wewe lipia kwa mwezi, utazame tamthilia zako.” Hizo tamthilia zangu sijui alizionea wapi.

Niliondoka nikiwa nimekata shauri kumwonya kila mtu asijisumbue na seva, na siku ile ningeipa nyota moja, tena kwa huruma. Lakini kadiri nilivyomkumbuka kijana yule ndivyo nilivyozidi kukaidi. Niliichomeka diski kwenye kompyuta ya jirani yenye Windows, nikaendesha ukaguzi wa diski usiku kucha, na asubuhi karibu kila kitu kilikuwepo. Kosa lilikuwa langu kwa sehemu: niliiacha katika exFAT, mfumo wa kupanga faili ambao hauweki kumbukumbu ya kazi iliyokatizwa, badala ya ext4, ambao huiweka. Nimeibadilisha, na adapta sasa imechomekwa kwenye UPS ndogo, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika.

Je, ninaipendekeza? Kwa asiye na subira, hapana. Kwangu mimi, siirudii ile huduma hata nikipewa bure, maana harusi ya dada yangu haimo humo. Kanda ya pili ndiyo iliyoharibika, nami ninainakili upya kwa mwendo wake uleule, saa kwa saa, na sasa hivi wamefika kwenye kutunza.