Nakala ya "Kurudi kwa Mwana Mpotevu" niliyochorewa Nairobi: uzoefu wangu

Kwa yeyote anayefikiria kuagiza nakala ya mchoro wa kidini iliyochorwa kwa mkono, shauri langu la kwanza ni kwamba asiikague kwa kutazama nyuso peke yake. Nyuso ndizo ambazo kila mchoraji huzitilia bidii, kwa kuwa anajua mteja ataanzia hapo. Uwezo wake halisi huonekana kwenye mikono, kwenye mikunjo ya nguo, na zaidi ya yote kwenye giza. Nayasema haya baada ya kuchorewa "Kurudi kwa Mwana Mpotevu" ya Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, na karakana ndogo ya wachoraji iliyo karibu na Barabara ya Ngong, kazi ambayo sasa imetundikwa sebuleni petu, mahali ambapo jumuiya yetu ndogo ya Kikristo hukutania kwa sala.

Rembrandt aliuchora mchoro huo mwishoni mwa maisha yake, naye alifariki mwaka 1669. Upo katika makumbusho ya Hermitage, mjini Saint Petersburg, na una kimo cha sentimita 262 na upana wa sentimita 205. Vipimo hivyo vina maana kubwa kwa mnunuzi. Wauzaji wengi hupendekeza saizi zilizozoeleka, kwa mfano 90 kwa 60, ambazo haziwiani na mchoro huu hata kidogo. Ukizikubali, ama watu watarefushwa kupita kiasi, ama kando zitakatwa, na wa kwanza kuondolewa atakuwa yule mtu aliyesimama upande wa kulia, ambaye wengi humtambua kuwa kaka mkubwa. Bila yeye, mfano tunaousoma katika Luka 15, wa baba anayempokea mwana aliyetapanya mali huku kaka mkubwa akikasirika, umekatwa katikati. Niliomba kimo cha sentimita 100 na upana wa 78, na wachoraji walikubali bila kuongeza bei, ambayo ilikuwa shilingi 38,000 bila fremu, nusu yake ikilipwa kwa M-Pesa siku ya kuagiza.

Ni kweli kwamba picha iliyochapishwa kwa mashine kwenye kanvasi ingenigharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Hata hivyo, kwenye mkono wa vazi la baba, Rembrandt alirundika rangi nzito hadi ikainuka, ili mwanga wa chumba chenyewe uinase, jambo ambalo mashine ya kawaida ya kuchapisha haiwezi kulitenda. Wapo pia wanaochapisha kwanza kisha kupitisha brashi chache juu yake na kuiita kazi ya mkono. Mulika tochi ya simu kutoka ubavuni: mapigo ya brashi yanapaswa kufuata umbo la kitu kilichochorwa, si kupita upande mmoja kila mahali kana kwamba ni ukuta unaopakwa.

Jambo nililolithamini kuliko yote ni kwamba niliitwa kuitazama kazi ilipokuwa bado ya kahawia tupu, kabla ya rangi nyingine kuwekwa, wakati ambapo kurekebisha mpangilio bado ni rahisi. Hapo niliona kwamba watu wawili walioko nyuma, ambao katika mchoro asilia karibu wamezwe na kivuli, hawakuwapo kabisa. Picha ambayo mchoraji alikuwa akiifuata kwenye simu yake ilikuwa na giza mno. Nilimwomba atumie picha inayotolewa na makumbusho yenyewe, akaipokea rai hiyo kwa unyenyekevu. "Mzee," akaniambia, "giza hili haliji kwa rangi nyeusi. Ni kahawia na nyekundu, tabaka juu ya tabaka, na kila moja lazima ipitishe mwanga kidogo." Alitenda kama alivyosema, na watu wale sasa wapo.

Mikono ya baba ameipata vizuri sana. Katika mchoro asilia haifanani: mmoja ni mpana, wenye vidole vilivyotanuka, na mwingine ni mwembamba na laini, na mchoraji mwenye haraka angeisawazisha yote miwili. Wayo wa mwana, ulio wazi kwa kuwa kiatu kimevuka, nao unaonyesha uchovu wa safari bila kutiwa chumvi.

Uso wa kaka mkubwa ndio uliopungukiwa. Uliletwa laini na wenye upole, ilhali kwa Rembrandt ni mtu aliyejizuia, mikono yake ameifumbata mbele. Waliurudia bila malipo, ukawa bora, ingawa bado haujafikia ukali unaotakiwa. Kazi pia ilichelewa, na taarifa za kuchelewa nilizipata kwa kuuliza.

Walitaka kupaka vanishi, yaani tabaka angavu la kuukinga mchoro, siku ya kunikabidhi, nami nilikataa. Rangi za mafuta hukauka kwa kufyonza oksijeni taratibu, na palipo na rangi nzito huweza kuchukua miezi mingi, hasa katika baridi ya Nairobi ya Juni na Julai. Vanishi ikiwahi, uso wa mchoro huweza kupasuka baadaye. Waliandika kwenye risiti kwamba wangeipaka baada ya nusu mwaka, na ahadi hiyo waliitimiza. Kosa lao hapo ni kuchagua vanishi inayong'aa, hivyo mchana dirisha letu huakisiwa juu ya giza lile lililochorwa kwa subira. Ombeni isiyong'aa, na muombe mapema.

Nitawarudia. Ninachotaka safari hii ni "Chakula cha Jioni kule Emau" cha mchoraji Mwitaliano Caravaggio, kile cha mwaka 1601 kilichopo National Gallery, London, ambamo mwanafunzi mmoja amenyoosha mikono yake pande zote mbili hadi mmoja unaonekana kutujia sisi watazamaji. Kuchora mkono unaomwelekea mtazamaji namna hiyo ni kazi ngumu mno, kwa hiyo nimewaomba wanichoree kwanza mkono huo peke yake kwenye kipande kidogo cha kanvasi, kwa malipo yake, kabla hatujazungumzia bei ya mchoro mzima.