Rejeta ya alumini na feni mbili kwenye Datsun 240Z, miezi minne sasa

Wakuu, gari yangu ni Datsun 240Z ya 1972, mashine ileile iliyochukua Safari Rally 1971 na 1973, kwa hiyo asije mtu akaniambia magari haya hayawezi joto la huku Mwanza. Ila yangu ilikuwa inachemsha aisee. Njia ya Usagara ukikanyaga 80 mshale umetulia kabisa, ngoja sasa uingie foleni ya Buhongwa jioni, feni ya zamani inazungushwa na injini, gari ikiwa sailensa (imesimama injini inanguruma taratibu) na feni nayo inajivuta tu, hewa haipiti, mshale huooo. Fundi wa kwanza dawa yake ikawa kung'oa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Matokeo yake injini ikawa haipati moto vizuri, mafuta inakunywa, na kwenye foleni bado inachemsha!

Nikaagiza mtandaoni seti nzima, rejeta ya alumini ya mirija minene safu mbili, feni mbili za umeme na bati lake la kuzibia ili hewa yote ipite kwenye rejeta. Uchomeleaji wake ni msafi mno, hapo nawapa sifa. Matundu ya bolti upande wa kulia yamekosea karibu upana wa kidole, fundi wangu wa Nyakato akakaa na tupa nusu saa nzima anaguna.

Waya sasa. Jamani zile waya ni za spika. Rilei (swichi ya umeme inayowasha feni) moja kwa feni mbili, siku ya tatu tu nipo Mkolani nasikia harufu ya plastiki, kufungua boneti soketi imeyeyuka imeshikana kama ubani. Na 240Z umeme wake unapita kwenye geji ya ampea pale dashibodi, ukiunga feni huko unaitafutia gari moto. Tulitupa zote, tukavuta waya mnene kutoka betri, fyuzi yake, kila feni na rilei yake. Usiku feni zikiwaka taa zinafifia kidogo, altaneta ya zamani, ile inayozalisha umeme wa gari, inazidiwa, hiyo nimeiweka kwenye foleni ya matumizi.

Themostati nimerudisha, ya nyuzi 82. Kutoa hewa kwenye mfumo wa maji tulipandisha gari mlima wa Bugando pua ikiangalia juu, hita imefunguliwa, kifuniko cha rejeta wazi, mapovu yakatoka weee mpaka yakakata. Kuna mzee kapita akauliza kwani tunapika nini.

Kifuniko nacho nimeweka kipya cha presha ya baa 0.9, maana Mwanza tuko juu zaidi ya mita 1,100, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, presha ndiyo inayoyazuia. Mpira wa kile cha zamani ulikuwa umepasuka, na kwa ukweli labda nusu ya ugonjwa ilikuwa hapo, elfu chache tu.

Na alumini msiiwekee maji ya ziwa kama tulivyozoea enzi za kusubiri pantoni Kigongo, inaliwa. Kulanti tu, yale maji maalumu ya rejeta.

Jumamosi nimevuka daraja la Kigongo mpaka Sengerema na kurudi, Buhongwa nimesimama dakika arobaini AC ya vioo viwili, mshale haukuvuka katikati. Rejeta naipa nane kwa kumi, waya sifuri. Bei laki saba na themanini kabla ya ushuru, na ushuru wenyewe sitaki hata kuukumbuka.