TAHADHARI: Anayepangisha "nyumba ya mahujaji" Borgo Pio, Roma, ni tapeli

Wapendwa, naandika huku mikono inatetemeka, na huu ni usiku wa tatu sijapata usingizi. Kuna Mtanzania mwenzetu anayejitangaza kwenye magrupu ya mahujaji kwamba ana nyumba ya kupangisha Borgo Pio, hatua chache kutoka Basilika ya Mtakatifu Petro. Hana nyumba. Ametupiga milioni tatu na kutuacha barabarani na mama mwenye miaka 71. Jina lake siliweki hapa, admini amekataza na jalada lipo polisi, ila ukisoma utamtambua tu.

 Safari hii haikuweza kusogezwa mbele. Mwaka huu wa 2025 ni wa Jubilei, mwaka wa hija wa Kanisa Katoliki, Mlango Mtakatifu wa Basilika wanaopita mahujaji unafungwa Januari 6, 2026, na Jubilei ya kawaida ni kila baada ya miaka 25. Mama yangu hana miaka 25 ya kusubiri.

Naomba msiniambie nilikurupuka. Nilitafuta malazi kwa miezi. Karibu na stesheni ya Termini bei ilikuwa nafuu, lakini kila siku ungepanda treni ya chini ya ardhi, laini A, hadi Ottaviano, ngazi kushuka, ngazi kupanda, na magoti ya Mama mnayajua. Mtaa wa Trastevere watu wanausifu kwa vyakula, lakini ni kelele hadi usiku wa manane. Nyumba za watawa nilizoandikia zote zilikuwa zimejaa. Ndipo huyu bwana akaniandikia mwenyewe: "Dada, nimeona unatafuta karibu na Vatikani. Nina nyumba yangu, vyumba viwili, jiko, ghorofa ya kwanza, mama hatapanda ngazi nyingi." Euro 120 kwa usiku, watu watatu, siku saba.

Alijua mambo, na hilo ndilo lililoniponza. Alinieleza habari za Passetto, ule ukuta wenye njia juu yake unaotoka Vatikani hadi ngome ya Castel Sant'Angelo, jinsi Papa Klementi wa Saba alivyokimbilia humo mwaka 1527 majeshi yalipoivamia Roma, na kwamba ukitoka mlangoni kwake ni mtaa mmoja tu unauona. Nikasoma, ni kweli. Alijua tushuke kituo gani, treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino ni shilingi ngapi. Alimrekodia Mama sauti: "Shikamoo mama, karibu Roma, mimi ni mwanao, nitakupokea." Mama aliisikiliza ile sauti mara kumi. Alikuwa anawasikilizisha majirani.

Kisha akanitumia hati ya malazi ya kupeleka ubalozini, ina muhuri, ina anwani, majina yetu matatu yameandikwa bila kosa hata moja. Visa zikatoka. Hapo wasiwasi wote uliisha. Nilijiambia, kama karatasi yake imepita kule, mimi ni nani wa kuihoji? Leo najua kwamba visa kutoka hakumaanishi kwamba kuna mtu alienda kugonga mlango wa ile nyumba. Kuhusu malipo, alisema nisihangaike na makato ya benki, nitume kwa simu kwa mke wake aliyeko Dar. Nikaweka namba, jina likatokea lilelile aliloniambia. Nikatuma milioni mbili na laki nne.

Tulifika Jumanne asubuhi. Mimi, Mama na Shangazi, mabegi matano. Treni euro 14 kila mmoja, nusu saa tuko Termini, tukahamia laini A, tukashuka Ottaviano, tukatembea. Ile mitaa imetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, tairi za begi zinakwama kila hatua. Mama hakulalamika. Alikuwa anauangalia ule ukuta na kusema, "Si ndio ule aliousema kijana wetu?"

Tukaipata namba ya nyumba. Ni duka la rozari na sanamu. Pembeni kuna mlango mkubwa wa mbao wenye vitufe vya kengele na majina ya ukoo. Nikasoma yote, juu hadi chini, chini hadi juu. Jina alilonipa halipo. Nikampigia, akapokea hapohapo, sauti tulivu kabisa: "Dada, poleni na safari. Kijana wa funguo yuko kwenye foleni ya magari, dakika ishirini. Lakini kuna kodi ya utalii ya jiji, sijui nilisahau vipi kukwambia. Euro 10 kwa kichwa kwa usiku, jumla 210. Bila hiyo siwezi kuwaandikisha polisi, na bila kuandikishwa mtalala nje." Nikamuuliza kwa nini tusimlipe kijana mkononi. Akasema mfumo unafungwa saa sita mchana, ilikuwa imebaki robo saa.

Nilituma. Nimesimama mbele ya mlango ambao hauna jina lake, nikampigia mdogo wangu Dar, nikamwambia tuma laki sita sasa hivi kwa ile namba, usiulize. Hili ndilo linaloniamsha usiku. Ile ya kwanza nilidanganywa nikiwa mbali, lakini hii nilidanganywa huku macho yananiambia hapa hakuna nyumba. Nilikuwa namwangalia Mama amekaa juu ya begi, jua linampiga, nikaona kulipa ndiyo njia ya haraka ya kumpatia kitanda.

Baada ya muamala kukamilika simu haikupokelewa tena. Ikapita saa nzima. Zikapita mbili. Mama mwenye duka alitoka, akaangalia ile hati yangu, akatikisa kichwa, akanyoosha vidole vitatu. Sisi ni wa tatu mwezi huu. Akamletea Mama kiti na maji. Mungu ambariki yule mama.

Zamu yetu ya kupita Mlango Mtakatifu ilikuwa siku hiyohiyo saa kumi jioni. Ilitupita tukiwa kituo cha Karabinieri, polisi wa Italia, tunajaza maelezo kwa ishara, maana Kiitaliano hatujui. Mama alikuwa ameshika rozari yake, hasemi neno. Sijawahi kumwona Mama amenyamaza vile tangu msiba wa Baba.

Aliyetuokoa ni sista mmoja Mtanzania ambaye Padre alimpigia. Akatuombea nafasi kwenye nyumba ya watawa upande wa Via Aurelia, vitanda vitatu chumba kimoja, mlango unafungwa saa tano usiku. Huyo sista ndiye aliyenifumbua macho, na ninayoandika sasa ni yake kuliko yangu.

Tangu Januari 1, 2025, kila nyumba inayopangishwa kwa wageni Italia lazima iwe na namba inayotolewa na Wizara ya Utalii, wanaiita CIN, inaanza na IT. Lazima iwe kwenye tangazo na iwekwe nje ya jengo. Huyu hakuwa nayo, na mimi sikujua kuiuliza. Kodi ya utalii Roma ipo kweli, ila unamlipa mwenye nyumba ukifika na anakupa risiti, na hiyo euro 10 ni ya hoteli ya nyota tano! Kupiga simu ya video akuonyeshe vyumba alikwepa mara tatu, leo mtandao, kesho yuko kazini. Na picha ya dirishani aliyonitumia, ile niliyoiweka stetasi mkaisifia, kuba la Basilika likionekana ng'ambo ya mto na daraja lenye sanamu za malaika. Borgo Pio ipo upande uleule wa mto na Basilika. Ukiwa pale huwezi kuuona mto Tiber katikati yako na kuba. Picha ilipigwa kutoka daraja jingine, wanapopigia watalii wote.

Mengine kichwa hakinipi. Ninachotaka ni akamatwe. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, namba iliyopokea pesa ina jina, jina lina mtu, mtu ana nyumba anayolala leo Dar es Salaam kwa amani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Inasubiri nini? Mdogo wangu amefungua jalada, namba ya RB ya polisi tunayo, na nakala ya maelezo ya Karabinieri nimeituma. Mtu anayewavizia mahujaji wazee, anayemwamkia mama wa watu shikamoo huku anamhesabia pesa, asiachiwe kwa kurudisha hela tu. Afungwe. Na huyo mke, kama ni mke kweli, afungwe naye.

Kama umemlipa au umemwekea nafasi kwa Novemba au Desemba, njoo inbox leo, usione aibu, tunaunganisha malalamiko yawe jalada moja. Usimwambie kwamba umeshajua, atazima laini. Wale wa parokia ya jirani mliokuwa mnamuulizia kwenye grupu wiki iliyopita, nawasihi msitume kitu.

Sista ametutafutia zamu nyingine, kesho saa tatu asubuhi. Mama ameshapiga pasi kitenge chake.

Na wewe bwana, najua bado umo kwenye magrupu haya. Ile sauti uliyomrekodia mama yangu sijaifuta. Polisi wanayo.