PostgreSQL au Redis kwa bao la mtandaoni?
Vijana wa Mombasa wanaounda bao la mtandaoni huniuliza data waiweke kwenye hifadhidata ipi, PostgreSQL au Redis. Redis, iliyotoka 2009, hushika data yote kwenye RAM (kumbukumbu ya kompyuta inayofutika umeme ukikatika), ndiyo maana hujibu upesi mno, na orodha ya washindi hujipanga kila alama zinapobadilika. Ila umeme ukikatika Tudor na seva iko hapo ofisini, yaliyotokea tangu ilipoandika diski mara ya mwisho yamekwenda.

PostgreSQL ni ya polepole kidogo, lakini kwa pesa za watu naiamini hiyo. Mchezaji akinunua kete za rangi, salio hupungua na kete huingia kwa pamoja, au hakifanyiki chochote. Wachezaji wakiwa wachache, anzeni nayo peke yake, Redis itafuata.