Uzoefu wangu na tiba ya sindano ya Kichina kwa maumivu ya kiuno: sindano nazikubali, mfuko wa dawa siuchukui

Hukumu naitoa mapema kwa wasiosoma mpaka chini. Kwa kiuno kinachouma zaidi ya miezi 3, kwa goti lililosagika na kwa kipandauso kinachorudirudi, tiba ya sindano (akupancha) inafaa kujaribiwa, mradi kliniki iwe safi na mtaalamu ajue anachokitafuta. Inatuliza maumivu. Hairudishi diski iliyochomoza wala haioteshi gegedu jipya, na anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno. Dawa za kunywa zinazouzwa kwenye kliniki hizohizo ni habari nyingine kabisa, nitazifikia.

Kliniki nyingi za Kichina, iwe Dar es Salaam au Nairobi, huanza na maswali: usingizi, choo, jasho, hedhi, unasikia baridi au joto. Kisha mtaalamu anatazama ulimi na kushika mapigo kwenye vifundo vya mikono yote miwili, vidole vitatu kila upande. Asubuhi hiyo usisugue ulimi kwa mswaki wala usinywe kahawa, kwa sababu wanasoma rangi ya utando na kahawa inaubadilisha. Saa 1 au 2 kabla, kula kitu chepesi. Anayekwenda na njaa au uchovu mwingi ndiye anayezimia sindano zikiwa mwilini: jasho la baridi, kichefuchefu, macho kuingia giza. Ikitokea hivyo sindano zote zitolewe mara moja, mtu alazwe chali na miguu iinuliwe, akipata fahamu vizuri apewe maji ya uvuguvugu yenye sukari. Kwa hiyo mara ya kwanza kataa kuchomwa ukiwa umeketi kwenye kiti, hata kama ni bega tu. Lala.

Sindano yenyewe si ile ya hospitali. Haina tundu ndani, na unene wake ni milimita 0.25 au 0.30. Kwa kiuno hutumika urefu wa milimita 40 hadi 50; kwa tako, sehemu iitwayo Huantiao inayotumika maumivu yanaposhuka mguuni, huenda mpaka 75, maana nyama ya pale ni nene. Iangalie pakiti kabla haijafunguliwa: iwe na tarehe ya mwisho wa matumizi, herufi EO kuonyesha imetakaswa kwa gesi, na alama ya namba 2 iliyokatwa mstari, yaani haitumiki mara ya pili. Ifunguliwe mbele yako, na zikitolewa ziingie kwenye kisanduku kigumu cha vitu vyenye ncha. Homa ya ini aina ya B inavuka kwa sindano chafu kirahisi kuliko VVU. Ukiona sindano zimelazwa kwenye bakuli la spiriti zikisubiri mgonjwa anayefuata, vaa viatu uondoke, hata kama umeshalipa.

Kwa kiuno, sehemu zinazochomwa hazibadiliki sana kati ya mtaalamu na mtaalamu. Shenshu iko pembeni mwa uti wa mgongo, usawa wa pingili ya pili ya kiuno. Dachangshu iko chini yake, usawa wa ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Weizhong iko katikati ya mkunjo wa nyuma ya goti. Juu ya hizo huongezwa sehemu zozote zinazouma zikibonyezwa, zinazoitwa ashi. Mtaalamu asiyebonyeza, anayechoma tu kwa kukariri, kwangu anapoteza alama. Kiuno cha mtu aliyeumia kwa kubeba gunia na cha mtu anayekaa ofisini kutwa haviumi mahali pamoja.

Kuchomwa kwenyewe hakuumi kama watu wanavyohofia. Kijimrija cha plastiki kinabana ngozi, kidole kinagonga kichwa cha sindano, na ncha imeshapita kabla hujajua. Kazi inaanza baada ya hapo. Sindano inasukumwa taratibu huku ikizungushwa kwa kidole gumba na cha shahada, mpaka ghafla usikie uzito, ganzi, au mvuto unaotambaa kuelekea takoni. Wachina huita hali hiyo de qi, na mtaalamu naye huihisi mkononi, kwa kuwa msuli unaishika sindano. Ukisikia maumivu makali ya kuchoma au shoti ya umeme inayokwenda mpaka kwenye vidole vya mguu, sema papo hapo: imegusa mshipa wa fahamu na inatakiwa kurudishwa nyuma. Usijikaze kiume. Ukishawekewa utakaa dakika 20 hadi 30 bila kugeuka, kwa sababu msuli ukijikunja ghafla sindano hupinda na kutoka kwa shida. Mwenye kikohozi aseme kabla.

Baadhi ya kliniki huunganisha sindano na mashine ndogo ya umeme. Kwa maumivu ya muda mrefu huwekwa mapigo ya Hz 2 (mara 2 kwa sekunde), au hubadilishana kati ya 2 na 100, na nguvu hupandishwa mpaka msuli urukeruke bila kuuma. Binafsi naona nyongeza hii inafaa kwa kiuno kuliko kwa kichwa. Mwenye betri ya moyo asiunganishwe.

Kozi ya kawaida ni mara 10, kwa mpango wa mara 2 kwa wiki. Lipa kwa kila kipindi, usilipe kozi nzima siku ya kwanza, hata ukipunguziwa bei. Uliza pia kama bei inajumuisha umeme, vikombe na moksa (hivi viwili nitavieleza mbele), kwa maana ndipo bili inapovimbia. Nafuu ipime kwa kitu kinachohesabika: unaweza kukaa dakika ngapi kabla ya kulazimika kusimama, unaamka mara ngapi usiku, maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10. Mara 5 au 6 zikipita na namba hazijasogea, acha. Jibu la "sumu bado zinatoka" halina maana yoyote.

Sasa, je, ni sindano zinazofanya kazi au ni mgonjwa kujisadikisha? Ujerumani walilipima jambo hili kwa watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno, na matokeo yalitolewa 2007. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu kwa sindano za kweli walikuwa asilimia 47.6, waliochomwa juujuu mahali pasipo sehemu yoyote ya Kichina, asilimia 44.2; waliotibiwa kwa kawaida, yaani vidonge, mazoezi na fiziotherapia, asilimia 27.4. Zitazame namba hizo mara mbili. Sindano ziliishinda tiba ya kawaida kwa mbali, ila mahali pa kuchoma palileta tofauti ndogo mno. Ndiyo maana maelezo ya qi (nguvu ya uhai ambayo Wachina husema inapita mwilini) na njia zake 12 nayasikiliza kwa heshima bila kuyategemea. Waingereza nao wameyumba: taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, iliiondoa akupancha kwenye maumivu ya kiuno 2016, ikairudisha 2021 kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine, na tangu 2012 inaikubali kama kinga ya kipandauso, hadi vipindi 10 ndani ya wiki 5 hadi 8.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kiuno chako ni cha kuchomwa sindano. Ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, mguu kulegea: hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho huku kwetu si cha ajabu. Sindano zitakutuliza huku pingili zikiliwa.

Vikombe nitavipitia haraka. Watu wa Pwani kuumika wanakujua, na hijama iko kila mtaa. Vikombe vya Kichina vya kioo hupashwa moto ndani kisha hubandikwa dakika 5 hadi 10. Duara za zambarau zinazobaki ni damu iliyovilia chini ya ngozi, na huisha zenyewe ndani ya siku chache hadi wiki 2. Weusi wa duara hauonyeshi wingi wa "uchafu", unaonyesha nguvu ya mvuto. Kikiachwa muda mrefu kinatoa malengelenge. Kukiwa na kuchanja, wembe uwe mpya na kikombe kiwe cha kutumika mara moja.

Moksa ni kijiti cha majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, kinachowashwa na kushikiliwa sentimita 2 au 3 kutoka kwenye ngozi kwa dakika 10 hadi 15. Joto lake linaingia vizuri kwenye kiuno, sikatai. Ila moshi wake ni mzito kwa mwenye pumu, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua mpaka kidonda bila kujua. Huyo asikubali moksa chini ya goti.

Madhara ya sindano kwa jumla ni madogo: kuvia damu kidogo, uchovu wa saa chache, maumivu kuongezeka siku moja kisha kushuka. Hatari ya kweli iko sehemu ya juu ya mwili. Sehemu ya Jianjing, kilele cha bega, ikichomwa wima na kwa kina, ncha inaweza kutoboa utando wa pafu na hewa ikavuja kifuani. Dalili ni kichomi na kukosa pumzi, mara nyingine saa kadhaa baadaye ukiwa umeshafika nyumbani. Nenda hospitali, sema umechomwa sindano begani, upigwe picha ya kifua. Mjamzito aseme mapema, kwa kuwa sehemu kama Hegu mkononi na Sanyinjiao juu ya kifundo cha mguu kwa desturi hazichomwi kwake. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye aseme.

Tumefika kwenye dawa. Mitishamba ya kuchemsha, ikitoka kwa mtu anayeandika jina la kila mzizi na uzito wake kwa gramu, naiheshimu. Iloweke dakika 30, maji yazidi sentimita 2 au 3 juu yake, ichemke, kisha moto mdogo dakika 20 hadi 30. Chuja. Rudia kwa maji machache zaidi, dakika 20, changanya maji ya mara zote mbili, nusu asubuhi nusu jioni. Tumia chungu au sufuria ya stili. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na hizo hazitakiwi. Bohe, ambayo ni mnanaa, inaingia dakika 5 za mwisho, la sivyo harufu yote inakwenda na mvuke. Fuzi, mzizi wenye sumu, inatangulia peke yake saa nzima, kwa sababu sumu yake huvunjwa na kuchemka, na isipochemka inavuruga mapigo ya moyo. Midomo na ulimi vikifa ganzi baada ya kunywa, hilo si "dawa inafanya kazi"; wahi hospitali.

Ninachokikataa ni mfuko wa vidonge vyeusi visivyo na orodha. "Dawa ya viungo" inayokufanya ucheze ngoma siku ya pili mara nyingi imetiwa deksamethasoni (dawa ya steroidi) au diklofenaki (ya kutuliza maumivu). Kwa deksamethasoni uso unavimba kuwa duara, hamu ya kula inapanda, presha na sukari vinapanda, na ukiacha ghafla baada ya miezi mwili unaweza kuporomoka. Nenda kwa daktari akupunguzie taratibu. Za kisukari zimewahi kukutwa na glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, za nguvu za kiume sildenafili, ambayo kwa anayetumia dawa za moyo za naitreti inaweza kuua.

Hata mzizi halisi huweza kuwa mzizi usio wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene Brussels ilitumia unga ulioaminika kuwa mzizi uitwao fangji, kumbe ulikuwa guangfangji, mmea wenye asidi ya aristoloki, sumu ya figo. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Majina ya kukataa kwenye orodha: guangfangji, guanmutong, qingmuxiang, madouling, tianxianteng. Ongeza zhusha, ambayo ni zebaki.

Asiseme mtu kwamba nadharau dawa za Kichina. Dawa ya mseto ya malaria tunayomeza ina kiini kilichotokana na mmea wa Kichina uitwao qinghao, na Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel 2015 kwa kukigundua. Lakini kilikamuliwa, kikapimwa, na kila kidonge kina kiasi kinachojulikana.

Kwa Tanzania, kliniki na mtaalamu wanatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya 2002. Omba kuona cheti cha mtu anayekuchoma, si cha mwenye jengo. Mahali wanapoanza kwa kukushikisha kile kichuma kinachotoa ripoti ya ini, figo na mifupa kwa dakika moja, sindano zao sizihitaji: hicho si kipimo, ni njia ya kuuzia vile vidonge. Na kama tayari unakunywa mitishamba yoyote, iandikishe kwa pinyin, yaani majina ya Kichina kwa herufi za Kilatini, na umpelekee mfamasia. Mizizi ya danggui na danshen huongeza nguvu ya warfarini, gancao (mzizi wa susi) ikinywewa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu, na daktari wa upasuaji anahitaji kuvijua angalau wiki 2 kabla ya siku ya kisu.