Kuchorewa upya ramani ya nyumba ya babu kwenye AutoCAD, Mtwara mjini: uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba nimeridhika, na kijana aliyenifanyia kazi hii nitamwita tena. Nimemlipa shilingi 180,000 kwa kupima nyumba, kuichora kwenye AutoCAD, ile programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, na kunikabidhi faili lake la DWG, ambalo msanifu anaweza kulifungua na kulihariri, pamoja na PDF. Kabla yake kuna mtu alinitajia 50,000 kwa WhatsApp: nimtumie picha za simu, yeye achore huko huko aliko. Nataka kueleza hiyo 130,000 ya juu ilikwenda wapi, kwa sababu ndugu wengi wa huku kusini wana ramani za wazee wao kwenye masanduku na wanadhani kuzichora upya ni kunakili mistari tu.

Nyumba yetu iko Majengo. Babu alikuwa karani bandarini, bandari ile iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, na ramani yake ni ya mwaka 1964, kwa futi na inchi, kwenye karatasi ya buluu iliyokunjwa mara nne. Tunataka kuongeza vyumba vya kupangisha upande wa nyuma. Wapangaji hawakosekani: wanachuo wa Stella Maris na wa TIA, na sasa watumishi wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Msanifu majengo tuliyempata alisema hawezi kugusa nyongeza mpaka apewe nyumba iliyopo, kwa vipimo vyake halisi, kwenye faili analoweza kulifungua. Baada ya hapo ndipo tuombe kibali cha ujenzi Manispaa ya Mtwara-Mikindani.

Kijana nilielekezwa na fundi wetu wa kupaua. Alisomea uchoraji VETA, ana kompyuta yake mpakato, anafanya kazi nyumbani kwao. Nilipompigia simu jambo la kwanza aliniambia, “Mama, ramani nitaichukua, lakini na nyumba lazima niione.” Hapo nilianza kumwamini.

Alipofika, baada ya shikamoo na maji ya kunywa, akaitandaza karatasi kwenye meza ya chakula, akatoa rula na kupima ukuta wa mbele. Inchi tano kamili. Pembeni yake babu, au aliyemchorea, ameandika futi 40. Kijana akasema, “Hii si moja kwa mia, mama. Hii ni moja kwa tisini na sita.”

Nilimwomba anieleze, akanieleza kwa subira. Ramani za siku hizi hapa kwetu huchorwa kwa milimita, moja kwa mia au moja kwa hamsini. Ile ya babu ilifuata mtindo wa Waingereza: gawa inchi moja mara nane, kipande kimoja ndicho futi moja ya nyumba. Futi ina inchi 12, na kila inchi ina vipande vinane, ndiyo maana nyumba imepunguzwa mara 96. Sehemu ya maandishi inayotaja skeli ilikuwa kwenye mkunjo na imefutika kabisa. Mtu asiyejiuliza angeiweka kwenye kompyuta kama moja kwa mia, na nyumba nzima ingevimba kwa asilimia nne na ushei. Chumba cha futi 12 kingekuwa cha futi 12 na nusu. Ukuta wa mbele, ambao ni mita 12.19, ungesomeka mita 12.70. Nusu mita nzima ambayo haipo! Msanifu angechora nyongeza juu ya hiyo nusu mita, fundi angeagiza bati na nondo juu yake, na siku ya kuunganisha ukuta mpya na wa zamani ndipo tungeanza kutafutana.

Suala la picha ya simu nalo alinionyesha pale pale. Aliipiga picha ile karatasi juu ya meza, kisha akaniambia nitazame kingo zake kwenye skrini. Upande ulio karibu na simu ulikuwa mpana, ule wa mbali umebana. Mstatili ulikuwa umepoteza umbo, na programu huchora juu ya kile ilichopewa. Kwa hiyo aliipeleka karatasi kwenye steshenari yenye skana kubwa, akaiingiza picha hiyo AutoCAD, akachagua ukuta wa mbele na kuiambia programu kwamba huo ni futi 40. Picha nzima ikavutwa kufikia kipimo hicho. Kisha akajaribu ukuta wa ubavuni, ambao kwenye karatasi umeandikwa futi 30, ukasoma pungufu kidogo. Karatasi imekaa kwenye unyevu wa pwani miaka sitini. Imesinyaa upande mmoja kuliko mwingine. Akaamua picha imsaidie kujua mpangilio wa vyumba tu, na vipimo vyote avitoe kwenye nyumba yenyewe.

Kupima ndiko nilikokupenda kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Nilidhani atapima urefu na upana wa kila chumba na kuondoka. Alipima na kona kwa kona. Sebule yetu kwenye ramani ni futi 12 kwa 16, na chumba cha namna hiyo kikiwa na kona zilizonyooka, futikamba ikipita kutoka kona moja hadi ile ya kinyume lazima isome futi 20. Sisi tulipata zaidi ya 20 upande mmoja na pungufu upande wa pili. Maana yake sebule imekaa mshazari, na imekuwa hivyo tangu babu alipohamia. Angechukua urefu na upana peke yake, kompyuta ingemchorea mstatili safi ambao haupo Majengo.

Unene wa kuta aliupima kwenye nafasi za madirisha na milango. Ramani inasema inchi sita, yaani tofali lenyewe. Ukiongeza plasta ya ndani na ya nje unakaribia inchi saba. Kisha akafanya hesabu ambayo nawashauri wote muiombe: akajumlisha upana wa vyumba vyote kwa mstari mmoja, akaongeza unene wa kila ukuta kati yao, akalinganisha na kipimo cha nje kutoka pembe hadi pembe. Havikulingana. Akarudi kupima vyumba upya mpaka tukagundua kwamba futikamba ilikuwa imepitishwa juu ya sanduku kwenye chumba cha mama. Mdogo wangu aliyekuwa akishika ncha ya pili alichoka na alisema wazi kwamba amechoka. Kijana alimsihi kwa heshima na wakaendelea.

Nyumba pia imebadilika mno tangu 1964. Baraza la mbele lilizibwa likawa fremu ya duka, mlango wa jikoni umehamishwa, choo cha ndani hakikuwepo kabisa. Haya yote hayamo kwenye karatasi ya babu, na mchoraji wa WhatsApp asingeyajua. Kijana aliweka kuta za asili kwenye leya moja, yaani tabaka la mchoro unaloweza kuliwasha na kulizima, zilizoongezwa baadaye kwenye leya nyingine, na zile msanifu anazotaka kuzibomoa kwa mistari ya vipandevipande. Msanifu akizima leya moja anaona nyumba ya babu kama ilivyokuwa, akiiwasha anaona yetu ya leo. Nilipoonyeshwa hilo kwenye skrini nilitoa machozi, na sioni aibu kulisema.

Yapo ambayo hayakunifurahisha, na ni haki niyaseme.

Alichelewa. Tulikubaliana siku, ikapita, kisha ikapita nyingine. Sababu yake ni kwamba msimu wa korosho fedha ikishaingia kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kila mtu anataka kujenga kabla mvua hazijaanza, na wachoraji wanazidiwa. Ni kweli, hata mafundi wenyewe wanasema hivyo. Lakini angenipigia simu mapema, nami ningemwambia msanifu. Anayetaka kazi ya namna hii aiagize kuanzia Juni au Julai, fedha ya mnada isubiri kwenye vifaa.

La pili ni zito zaidi. Rasimu ya kwanza ilipofika kwa msanifu, vipimo vya chooni na koridoni vilikuwa vimeandikwa kwa mkono. AutoCAD hupima mstari yenyewe na kuonyesha namba, lakini mchoraji anaweza kufuta namba hiyo na kuandika anayotaka. Ukuta umechorwa mfupi, namba inasema mrefu. Kwenye karatasi huwezi kugundua. Msanifu aligundua alipouvuta ukuta na namba ikabaki palepale bila kubadilika. Kijana alikiri kwamba alifanya hivyo usiku akiharakisha, akaichora upya sehemu ile bila kudai nyongeza. Nilimshukuru, ila ningependa lisingetokea. Ukikabidhiwa faili, mwombe mtu mwenye programu avute ukuta mmoja au miwili mbele yako.

Alifanya vizuri kuuliza mapema msanifu anatumia toleo gani la AutoCAD, kwa sababu faili lililohifadhiwa kwa toleo jipya linaweza kukataa kufunguka kwenye la zamani. Alilihifadhi kwa toleo la nyuma na likafunguka mara moja. Kwenye PDF aliweka pia mstari wa skeli, yaani mstari wenye alama za mita, chini ya mchoro, na faida yake niliiona steshenari: aliyekuwa akichapa aliacha printa ijazie karatasi yenyewe, mchoro ukapungua, na moja kwa mia ikawa si moja kwa mia tena. Mstari ule hupungua pamoja na mchoro, kwa hiyo ukiweka rula unajua papo hapo. Mwambieni wa printa achape kwa asilimia 100, kwenye karatasi ya ukubwa uleule uliopangwa, A3 kwa A3.

Jambo moja watu wanalichanganya: mchoraji huyu si msanifu na hakujifanya msanifu. Hapigi muhuri. Ramani zinazokwenda manispaa zinatoka kwa msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na huyo ana malipo yake mbali. Mipaka ya kiwanja na bikoni nazo hakuzigusa. Hizo zilitoka kwenye hati. Akitokea mtu anakuambia kwa laki moja atachora, atapiga muhuri na kibali atakuletea nyumbani, muulize muhuri ni wa nani.

Malipo yalikuwa nusu mwanzo, nusu baada ya msanifu kulifungua faili na kulikubali. Kipengele hicho cha mwisho nilikiweka mimi na alikubali bila kununa. Nauli yake ya bodaboda nililipa pembeni.

Sasa msanifu yuko kwenye nyongeza, na mimi nimeshaongea na kijana kuhusu nyumba ya shangazi Mikindani, ya mawe ya matumbawe, ambayo haijawahi kuwa na ramani yoyote. Amekwenda kuitazama. Amesema kuta zile ni nene kwa chini na nyembamba kwa juu, hivyo atazipima kwa vimo viwili, na bei itapanda kufika 250,000. Shangazi amekubali, kwa sharti kwamba safari hii akichelewa apige simu.