qSOFA au NEWS2: kipi kinamwahi mgonjwa wa sepsisi wodini?

Sepsisi ni mwili kudhuru viungo vyake unapopambana na maambukizi. qSOFA, njia ya haraka ya kukadiria hatari yake ya mwaka 2016, ina vipimo 3 tu: pumzi 22 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya presha ikiwa 100 au chini, na fahamu iliyobadilika. Viwili vikitimia, hatari ni kubwa. Haihitaji maabara wala mashine zaidi ya ile ya presha.

NEWS2 ya Uingereza, mfumo wa alama za kuonya mapema mgonjwa anapozidiwa, huongeza joto, mapigo, oksijeni ya damu na kama mgonjwa anapewa oksijeni. Alama 5 ni dharura. 7 ni dharura kubwa.

Chukua mgonjwa mwenye pumzi 22, mapigo 115, joto 38.6, presha 105, oksijeni 95% bila kuongezewa, fahamu timamu. qSOFA inampa 1, anaachwa kitandani. NEWS2 inampa 7. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2021 unakataa qSOFA kutumika peke yake kuchuja wagonjwa.

NEWS2 nayo huharibika pumzi zikikisiwa (wengi huandika 20 bila kuhesabu!). Hesabu dakika nzima. Mgonjwa akiwa na dalili za shoki (damu haifiki vya kutosha viungoni), chukua damu ya kuotesha vijidudu, kisha antibiotiki ndani ya saa 1. Damu ikichelewa, dawa isisubiri.